Anika, Anua: Vitenzi vya Akiba Isiyooza

Mvua ilitukuta Ntimaru mwendo wa saa tisa alasiri. Nilikuwa nimeketi chini ya mparachichi na mwenzangu wa miaka mingi chuoni, mzawa wa huko Kuria Mashariki, tukila mahindi ya kuchoma na kuwasengenya wakuu wetu wa idara kama ilivyo ada ya wahadhiri wanaokaribia kustaafu. Wingu lilikuwa limetanda muda mrefu upande wa magharibi, lakini sisi wawili tuliliona kama pambo tu. Aliyeliona kwa macho ya kazi ni mama yake mwenzangu, ajuza wa miaka karibu themanini, ambaye alitokeza kutoka jikoni akiwa na mwiko mkononi na kupaza sauti:

"Anueni! Anueni jamani, mvua hiyo!"

Wajukuu wawili, mmoja wa kidato cha pili na mwingine wa darasa la sita, walikuwa hatua tano tu kutoka kwenye jamvi lililojaa vipande vyeupe vya muhogo. Walisimama wakatazamana. Mkubwa akauliza, "Tufanye nini, nyanya?" Ajuza akarudia, "Anueni!" Wakazidi kutazamana. Hatimaye baba yao ndiye aliyetafsiri, "Toeni muhogo kwa jua, haraka!" Watoto wakaruka. Lakini matone ya kwanza yalikuwa yameshadondoka, yale makubwa yanayoacha alama kama sarafu kwenye vumbi, na kabla jamvi halijafika barazani nusu ya muhogo ilikuwa imelowa.

Mama hakukasirika. Alipangusa kipande kimoja kwa kanga yake, akakinusa, akaniambia mimi niliyekuja na sifa ya kuwa bingwa wa lugha: "Mwalimu, hawa watoto wanapata alama nzuri za Kiswahili. Nimeona karatasi zao. Lakini kuanua hawajui."

Nimefundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini, na nakiri kwamba sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo kitenzi hicho hakijanitoka kichwani. Ndicho kilichoniletea makala haya.

Tuanze na sarufi, maana huu ni ukumbi wa lugha. Mwanafunzi yeyote wa shule ya upili atakuambia kwamba kiambishi -ik- kinaleta kauli ya kutendeka: vunja, vunjika; soma, someka. Ni kweli, lakini si kweli yote. Kuna -ika nyingine katika Kiswahili, ya kale sana katika lugha za Kibantu, ambayo haihusiani na kutendeka. Hii ni -ika ya kuweka. Itazame katika bandika, funika, tundika, pachika, angika, anika. Katika kila mojawapo kuna mkono wa mtu unaochukua kitu na kukiweka mahali au katika hali maalumu. Ukibandika sufuria umeiweka mekoni. Ukiangika nyama umeiweka ining'inie. Ukianika muhogo umeutandaza kwenye jua.

Na raha ya vitenzi hivi ni kwamba vingi vina wenzi wao wa kutengua, wanaoishia kwa -ua: bandika na bandua, funika na funua, angika na angua, anika na anua. Lugha imeviunda kwa jozi. Hakuna anayebandika pasipo kujua kwamba itambidi abandue, la sivyo chakula kitaungua. Vivyo hivyo, hakuna anayeanika asiyekuwa na anua mfukoni. Aliyeanika anatazama mbingu hata anapozungumza na wageni. Mama wa Ntimaru alikuwa jikoni akisonga ugali, na bado aliiona mvua kabla yetu sisi maprofesa wawili tuliokaa nje.

Sasa linganisha na neno ambalo vijana wetu wanalitumia, na tusiwalaumu kwa sababu ndilo tuliloandika vitabuni: kukausha. Kausha limetokana na kauka, na linazungumzia matokeo tu: kitu kilikuwa na maji, sasa hakina. Halikuambii kimewekwa wapi, kimekaa muda gani, nani anakilinda. Ukikausha nywele kwa mashine umekausha. Ukikausha samaki kwa moshi umekausha. Mto ukipigwa na kiangazi umekaushwa. Na juu ya kausha kuna neno jingine kubwa zaidi, la Kiarabu kwa asili na la heshima kwa cheo, yaani kuhifadhi. Kuhifadhi ni neno zuri. Tunahifadhi Korani, tunahifadhi misitu, tunahifadhi siri na nyaraka. Lakini mtu akikuambia "hifadhi muhogo wako vizuri," amekupa baraka, hajakupa maelekezo.

Mimi mwenyewe nilizaliwa upande wa ziwa wa kaunti hiihii ya Migori, si mbali na Sori, na utotoni mwangu neno la jumla la aina hiyo halikuwa na kazi. Kwa Kijaluo kila kitu kilichokaushwa kilikuwa na jina lake. Samaki aliyepasuliwa kupitia mgongoni, akafunuliwa kama kitabu na kuanikwa, ni obambla. Nyama iliyokatwa vipande virefu na kukaushwa ni aliya. Omena ni omena, na hata sasa ukisema omena hakuna anayefikiria samaki mbichi. Ukavu umo ndani ya jina lenyewe. Nyanya yangu (bibi yangu, si ile ya kachumbari) alikuwa na mwiko mmoja kuhusu omena: hakununua walioanikwa mchangani. Alisugua kiganja kimoja cha omena, akasikiliza. Wakitoa sauti ya mchanga, aliwarudisha. Alitaka wale walioanikwa juu ya nyavu au kwenye chanja, yaani kichaga cha fito kilichoinuliwa kutoka ardhini ili upepo upite chini na juu. Leo wataalamu wa uvuvi wanawahimiza wachuuzi wa ufuoni waanike kwenye chanja zilizoinuliwa kwa sababu hizohizo: samaki hukauka upesi, hawapati uchafu, na bei inapanda. Nyanya hakusoma ripoti yoyote. Aliogopa tu kutafuna mchanga.

Pwani nako wana ng'onda, samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa juani. Neno hilo ni la kupendeza kwa sababu limevuka kutoka jikoni hadi kwenye utani: mtu aliyekonda mno huitwa ng'onda. Na ukikaa na Wasukuma kule ng'ambo ya mpaka utasikia michembe na matobolwa, zote mbili zikiwa viazi vitamu vilivyokaushwa. Michembe hukatwa vikiwa vibichi kisha vikaanikwa. Matobolwa hupikwa kwanza. Waiteso wa Uganda wana amukeke yao, vipande vya viazi vilivyokatwa vibichi na kuanikwa. Sitaki kuigeuza safu hii kuwa menyu, lakini naomba msomaji aone jambo moja: kila jina ni hatua iliyofupishwa. Ukijua jina unajua kilichofanywa.

Turudi barazani Ntimaru, mvua ikiendelea kunyesha. Nilimwuliza mama kama yale tuliyoyaokoa ni udaga. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama ng'ombe ni mbuzi.

"Haya ni makopa," akasema. "Udaga uko ndani. Usichanganye, utaua watu."

Mama huyu aliolewa Ntimaru kutoka upande wa Tarime, na Kiswahili chake, kama cha Wakuria wengi, kina ladha ya ng'ambo ya mpaka. Akanieleza, huku akihesabu kwa vidole. Makopa ni muhogo mtamu. Unaumenya, unaupasua, unauanika moja kwa moja mpaka ulie ukivunjwa. Udaga ni wa ule mchungu. Ule huuaniki moja kwa moja hata jua liwe kali namna gani. Unaumenya, unaulundika, unaufunika kwa majani au magunia, unauvundika siku kadhaa mpaka ulainike na uote ukungu. Ndipo unaukwangua ule ukungu, unauponda vipande vidogo, halafu sasa ndio unauanika. Baadaye ni kinu au mashine ya kusaga, na unga wake unachanganywa na wa wimbi au mtama kwa ugali. Nilimwuliza kwa nini asiuanike tu kama makopa. Alinijibu kwa ufupi: "Jua halitoi uchungu. Linatoa maji."

Sentensi hiyo fupi ningeipa alama zote katika mtihani wa kemia. Muhogo mchungu una kiini kiitwacho linamarini ambacho, kikivunjwa, hutoa sianidi, sumu inayoua. Lakini ndani ya muhogo huohuo kuna kimeng'enya kinachoweza kuivunja linamarini ili sumu yake itoke na kupotelea hewani au majini, mradi chembe za muhogo ziwe zimelainika au kupondwa ili viwili hivyo vikutane. Ukiuvundika, ule ukungu unafanya kazi ya kulainisha. Ukiuponda, unaongezea. Ukiuanika mzimamzima haraka juani, unaondoa maji kabla vitu hivyo havijapata nafasi ya kukutana, na sumu nyingi inabaki imejifungia ndani ya kipande kikavu, cheupe, kizuri wa kutazama.

Na neno vundika, tazama lilivyo. Lina ile -ika ya kuweka, na mwenye sikio atasikia ndani yake vunda na uvundo. Kuvundika ni kukiweka kitu katika uozo uliodhibitiwa. Ndizi tunazivundika, ingawa wengine husema kuvumbika, na wahenga wakatuachia methali kwamba mvumbika changa hula mbovu. Kitenzi kinabeba agizo na onyo kwa pamoja: subiri, ila usipitilize.

Kwa nini nasema kuna uhai wa watu hapa? Kwa sababu jambo hili lilitokea, na lilitokea karibu sana na pale tulipoketi.

Wasomaji wa rika langu watakumbuka ukame wa 1984. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, na chakula kikuu kilikuwa ugali wa yale mahindi ya manjano yaliyoletwa kutoka ng'ambo, ambayo tuliyabeza kana kwamba tulikuwa na hiari. Vijijini, penye mahindi yaliyokauka shambani, kilichosimama kilikuwa muhogo, na hasa ule mchungu, kwa sababu hauogopi ukame na nguruwe mwitu hawaupendi. Mwaka uliofuata, 1985, katika wilaya ya Tarime, watu walianza kulemaa miguu. Mtu alilala mzima, akaamka miguu imekakamaa, hawezi kutembea ila kwa kuchechemea au kwa fimbo mbili. Wengi walikuwa watoto na wanawake. Ulemavu huo haukuondoka. Madaktari waliochunguza walihusisha maradhi hayo na muhogo mchungu uliokuwa haukuandaliwa ipasavyo wakati wa njaa, ukiliwa karibu peke yake bila vyakula vya protini vinavyousaidia mwili kuikabili ile sumu.

Maradhi hayo yana jina, nalo ni la Kiafrika. Yanaitwa konzo. Neno hili ni la Wayaka wa kusini-magharibi mwa Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Mwitaliano, Giovanni Trolli, ndiye aliyeyaeleza katika maandishi mnamo 1938, lakini jina alilikuta kwa wenyewe. Si mara nyingi tiba ya kimataifa hukopa kutoka lugha zetu, na ingekuwa heri ikope neno jingine.

Utafiti wa Kongo uliochapishwa mwaka wa 1992, uliofanywa katika mkoa wa Bandundu, ndio unaonisumbua zaidi kama mtu wa lugha. Huko muhogo huloweshwa majini. Desturi ilikuwa siku tatu. Barabara ya lami ilipofika, wachuuzi walianza kuja na malori kununua muhogo wa kupeleka Kinshasa, na watu wakawa na haraka ya kuuza. Siku tatu zikawa moja. Muhogo bado uliloweshwa, bado ulianikwa, bado ulikuwa mweupe. Ukiutazama sokoni hungejua. Wale ambao hawakuwa na kingine cha kula ndio walioumia. Hapo hakuna aliyesahau kazi yenyewe. Kilichopunguzwa ni muda tu, na muda ndio uliokuwa dawa.

Naona baadhi ya wasomaji wakisema: sisi hatuli muhogo mchungu, sisi ni watu wa mahindi. Sawa. Mwaka wa 2004, katika Makueni, Kitui na sehemu jirani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yaliyoota kuvu yenye aflatoksini, na 125 wakafariki. (Watanzania wametupita hapa kwa kutunga neno sumukuvu, ambalo mtoto yeyote analielewa bila kamusi. Sijui tunasubiri nini kulichukua.) Mahindi mengi ya wakati huo yalivunwa yakiwa bado na maji, na wengine waliyaingiza ndani ya nyumba walimolala kwa kuhofia wezi. Kwa lugha ya vijarida vyetu vya kilimo, mahindi yale yalihifadhiwa. Yalifungiwa, yakalindwa, yakalaliwa. Hayakuanikwa yakatosha.

Kutosha ni kiasi gani? Wataalamu hutaja unyevu usiozidi asilimia 13.5, kipimo kisichomsaidia mtu asiye na mashine. Mama wa Ntimaru huuma punje. Ikivunjika kwa mlio, imekauka. Ikibonyea chini ya jino, irudi juani. Kuna njia nyingine inayofundishwa na maafisa wa kilimo, ambayo naipenda kwa kuwa ni ya jikoni kabisa: chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia chumvi kavu kidogo na punje za mahindi hadi theluthi, tikisa, acha kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji mengi. Ikirudi yote chini, afadhali. Nilipomweleza mama njia hiyo aliagiza chupa papo hapo, akajaribu kwa mahindi ya gunia lake, na chumvi haikuganda. Alifurahi, ila si kwa sababu amejifunza. Alifurahi kwamba chupa imekubaliana na meno yake.

Sitaki nieleweke kama mzee anayelilia kila cha jana. Mambo mengine ya jana yameshindwa. Kwetu ziwani mahindi yalitiwa kwenye dero, ghala la fito ambalo Waswahili wengine huliita kihenge, yakiwa bado kwenye magunzi na maganda yake, na ganda hilo liliwazuia fukusi kwa kiasi. Kisha akaja dumuzi, mdudu mwenye asili ya Marekani ya Kati, aliyeonekana Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, akaingia Kenya kupitia Taveta mwaka wa 1983. Watanzania wakampa jina la Scania, kama lile lori. Huku kwetu wengine walimwita Osama. Majina hayo yanaonyesha jinsi alivyopokewa. Dumuzi hustawi zaidi kwenye mahindi yaliyo bado kwenye gunzi, kwa kuwa hapo hupata mahali pa kujishikiza anapotoboa, na makopa huyasaga yakawa vumbi. Desturi iliyokuwa kinga ikawa karamu. Leo ushauri ni kupukuchua mapema, kukausha sawasawa na kutia kwenye magunia yasiyopitisha hewa, ambamo wadudu hufa kwa kukosa pumzi. Mama ana magunia hayo mawili. Hana mashaka nayo, ila analalamikia bei na panya.

Kwa hiyo hoja yangu si kwamba ya kale yote ni dhahabu. Hoja ni kwamba ujuzi huu, wa kale au mpya, unasafiri ndani ya vitenzi mahususi, na pale vitenzi vinapobadilishwa na neno moja pana, hatua zinaanguka njiani bila yeyote kugundua.

Ushahidi wa kinyume ulikuwa umesimama nyuma ya nyumba. Ni banda la zamani la kukaushia tumbaku, refu, lisilo na madirisha, kuta zake bado zina masizi. Tumbaku imelimwa Kuria tangu miaka ya 1970, na imewasomesha watoto wengi, akiwemo huyu mwenzangu. Pia imekula kuni za vilima vingi na kuchukua mashamba ya wimbi. Nilipomtaja mama ile kazi ya bandani, alibadilika kabisa, akaanza kuieleza kama mtu anayekariri. Kwanza majani yafungwe kwenye fito. Moto wa kwanza uwe mdogo mpaka majani yageuke manjano. Halafu uongezwe ukaushe jani. Halafu uongezwe tena ukaushe ule uti wa katikati. Ukikosea mpangilio umepoteza msimu. Usiku watu walilala bandani kwa zamu.

"Nani aliwafundisha?" nikamwuliza.

"Watu wa kampuni. Walikuja na kuuliza, na usipojua wanakurudia. Siku ya kuuza jani lako linapangwa daraja mbele ya macho yako."

Hapo ndipo nilipoelewa. Hatua za kukausha tumbaku zilidumu kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuzitaja, kuzisahihisha na kuzilipia. Udaga haukuwa na afisa ugani wake wala daraja lake. Ulikuwa kazi ya akina mama na ulidumu maadamu binti aliketi kando ya mama yake na kusikia kitenzi kikitajwa kazi ikifanywa. Binti akipelekwa shule ya bweni, na ni vyema aende, kile kitenzi kinabaki nyumbani.

Mambo yanabadilika pia upande wa tumbaku. Mwaka wa 2022 kaunti ya Migori ilichaguliwa kuanzisha mradi wa mashamba yasiyo na tumbaku, unaoendeshwa na Serikali ya Kenya pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa yanayoshughulikia afya, chakula na kilimo, na mpango wa chakula. Wakulima wanasaidiwa kuhamia mazao mengine, hasa maharagwe yenye madini ya chuma kwa wingi. Ni habari njema. Ila maharagwe nayo yana fukusi wake, na mkulima aliyezoea kuuza jani lililokaushwa kwa utaratibu wa kampuni sasa anarudi kwenye zao ambalo hatua zake nyumbani kwake zimekatika kwa kizazi kizima. Atapewa kijarida. Na kama vijarida nilivyoviona ni kipimo, kitamwambia: kausha vizuri, hifadhi mahali pakavu.

Ningeandika mimi, ningeandika hivi: pura, pepeta, anika kwenye turubai na si udongoni, geuza, anua jioni kabla ya umande, anika tena kesho, uma punje, ndipo utie guniani na kufunga mdomo wa gunia. Ni maneno zaidi kidogo. Lakini kila neno ni kazi ya mkono, na mtoto wa darasa la sita anaweza kutumwa nalo.

Wahenga walisema akiba haiozi. Nimeifundisha methali hiyo mara nyingi, na kila mara tumeielezea kama habari ya pesa: weka benki, utafaidi kesho. Barazani Ntimaru, nikiwa nimeshika kopa lililolowa, niliona kwamba pengine tumeisoma kwa haraka mno. Kwa watu walioitunga methali hiyo, nadhani, akiba ilikuwa muhogo, samaki na nafaka, yaani vitu ambavyo kazi yake ya kwanza ni kuoza. Akiba haikuwa inakwepa uozo kwa kuitwa akiba. Kulikuwa na mtu aliyekuwa anaianika na kuianua.

Jambo moja la mwisho. Kuna njia nyingine ya kupunguza sianidi katika unga wa muhogo, iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia na kutumiwa Kongo kuzuia konzo. Unga unachanganywa na maji ukawa mzito, unatandazwa kwenye ungo au sinia, safu nyembamba isiyofika sentimita moja, unaachwa juani saa mbili au kivulini saa tano, kisha unasongwa ugali kama kawaida, siku hiyohiyo. Kile kimeng'enya kilichobaki ndani ya unga kinamaliza kazi yake, na sumu inapotea hewani. Haigharimu chochote. Nilimweleza mama, na kabla ya kuuliza inafanyaje kazi aliuliza inaitwaje. Nikamwambia Kiingereza kina jina lake na Kiswahili bado. Akafikiri. "Unalowesha, halafu unaanika unga? Basi si ni kuanika mara ya pili. Iite marudio."

Nimemwandikia mwenzangu aniulizie habari za yale makopa yaliyonyeshewa. Alijibu kwamba yalianikwa upya siku tatu, yakasafishika isipokuwa kama debe moja lililoota madoa meusi. Mama hakuwapa hata kuku; alilimwaga shimoni. Watoto walikuwa wamesharudi Nairobi. Yule mdogo, akasema, alipokuwa akipanda gari alimkumbusha nyanya yake kwamba kuna nguo kwenye kamba na wingu linakuja. Alisema "toa nguo", akasita, akajisahihisha.

Kuhusu hilo neno marudio, bado sijaridhika nalo, maana lina kazi nyingine nyingi. Wasomaji wa Kigoma, Mara, Busia na kwingineko mnaokula ugali wa muhogo, kama mna kitenzi chenu kwa kazi hii au iliyo karibu nayo, ningependa kukisikia. Wiki ijayo tutarejelea ile -ika ya kuweka na sababu ya vitabu vyetu vya sarufi kuisahau.